Vibao Viwili vya Kwa Kimotho

Mmeniomba niandike kitu cha kuwatia moyo hao wapya wa ofisini mnaowafundisha. Moyo nendeni mkanunue butchery. Mimi nitaandika ninachokijua, na kwa vile nimestaafu na hakuna wa kunitoa kwa mkutano, nitaandika nikiwa na hasira. Hasira ninayo, sioni sababu ya kuifunika sahani.

Mimi ndiye Kimotho. Mwenye jina. Ukiona milk bar yenye kibao cha samawati kimeandikwa KWA KIMOTHO kwa herufi nyeupe, iwe Njoro, iwe Molo, iwe Gilgil, iwe Naivasha kule Kihoto karibu na ziwa, ujue ni huyu mtu anaandika hapa. Shule niliiachia darasa la nne, mimi na shule tukiwa tumechokana sawasawa. Nilianza na sufuria mbili na benchi ya kuazima. Kuna watu wana digrii hawajawahi kuuza hata yai moja. Sisemi hivyo kwa majivuno. Haya basi, nasema kwa majivuno, na nani atanizuia?

Siku yangu ya kwanza kazini niliosha mikebe. Ya pili pia. Nilikuwa kijana kutoka Bahati, nimeandikwa na Mzee Kartar, Kalasinga aliyekuwa na duka la maziwa na peremende za Kihindi hapa Nakuru mjini. Nilidhani nitawekwa kwa kaunta niwe nikiita wateja, maana mdomo ulikuwepo tangu zamani. Niliwekwa nyuma, kwa mikebe ya alumini, mpaka vidole vikakunjamana kama vya mtoto aliyezaliwa jana. Kila nikimaliza, Mzee Kartar anakuja, anaingiza kichwa chote ndani ya mkebe, kilemba na ndevu na kila kitu, ananusa. Akitoa kichwa kimya, mkebe umepita. Akisema "rudia," unarudia na huulizi. Mimi niliuliza. Nikamwambia nilikuja kujifunza maziwa, sikuja kuwa dobi wa mikebe. Akanijibu polepole, kama mtu anayeongea na ukuta anaoupenda: "Ng'ombe amemaliza kazi yake vizuri. Wewe usimharibie."

Hiyo ndiyo semina yote ya biashara niliyowahi kupata yenye maana. Haikuwa na chai ya saa nne.

Baadaye alinifundisha mengine. Kipima maji, ile glasi yenye mkia inayoelea ndani ya maziwa na kumshtaki mkulima aliyepitia mtoni kabla ya kuja kwako. Kuchemsha bila kuondoka. Kupoza mpaka kiwiko kiseme sasa, maana kidole cha mpishi kimeshazoea moto na kinadanganya. Kutia mbegu, yaani kikombe cha mala, maziwa yaliyoganda, ya jana ndani ya maziwa ya leo, ukoroge mara moja tu na uache. Kufunga sufuria kwa kitambaa safi badala ya kifuniko, kwa sababu kifuniko hutoa jasho, na jasho likidondoka ndani asubuhi utakuta maji juu na jibini chini na wateja mlangoni. Na kwamba maziwa hayalali sawa kila mahali. Molo unayafunika blanketi kama mgonjwa. Subukia, kule chini bondeni kwenye joto, ukichelewa kuyatoa yanakuwa siki. Haya yote huwezi kuyajua ukiwa umekaa. Unayajua ukiwa umesimama, tena miguu ikiuma.

Nilipofungua changu, watu walianza kuniomba jina. Miaka hiyo sikujua hii kitu inaitwa franchaizi. Ukiniambia franchaizi ningedhani ni ugonjwa wa kuku. Nilijua tu kwamba mtu anataka kuandika Kimotho juu ya mlango wake, na kwamba mtu akiharisha Molo atamlaani Kimotho aliyelala Nakuru. Kwa hivyo nilifanya kama mtu anayeozesha binti. Kwanza nilienda kuona nyumba. Nabeba sukari na mkate, nafika, nakaa, naomba maji ya kunywa. Naangalia glasi. Naangalia mwiko umetundikwa wapi. Nauliza swali moja kwa bwana na bibi, nione kama wanaangaliana kabla ya kujibu. Nikitosheka, mtu huyo anakuja Nakuru, anasimama kwa jikoni yangu, anaosha mikebe mpaka siku ninapopita bila kuingiza kichwa. Wengine walitoroka. Mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, aliniambia yeye si mtoto. Nikamwambia ndiyo maana mikebe yake inanuka, mtoto angekuwa ameshajifunza.

Halafu safari ya mwisho: naenda kwake na mbegu kwa kibuyu, mkononi mwangu mwenyewe. Anachinja mbuzi, anaita majirani, na mbele yao nasimama nataja mpaka. Kutoka hapa mpaka pale ni pake, na mimi sitampa mtu mwingine jina hili hapo katikati. Wanakula, wanasikia, imeisha. Karatasi ya nini? Mtu aliyekula mbuzi hasahau alichinjiwa nini.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Jeruto wa Subukia, kwa sababu hasira yangu yote inakaa kwake. Alikuwa mjane wa askari wa misitu. Nilipoenda kuona nyumba yake aliniacha nimekaa kwa kiti mpaka akamaliza kukama, hata hakuomba msamaha. Nikasema huyu. Jikoni kwangu aliuliza maswali mengi kuliko wote waliomtangulia, na akajibiwa na akaondoka na swali lingine. Mala yake ilikuwa karibu nzuri kama yangu, na hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote hapa duniani. Siku ya mbuzi nilisimama nikasema Subukia yote ni yake, kutoka pale barabara inapomaliza kuteremka mpaka mwisho wa soko, wakati wote atakaokuwa na mikono ya kuosha mkebe. Binti yangu Nyambura alikuwepo, kasichana kenye sare ya shule, na alikula ubavu wa mbuzi huyo mpaka nikamwonea aibu.

Huyo Nyambura ndiye alirudi 2007 kutoka chuo na kompyuta. Nilimpenda na kompyuta yake. Nilinunua meza. Akaniambia, Baba, matawi yamekuwa mengi, huwezi kuzunguka kila nyumba ukiomba maji. Hapo tukaanza kubishana juu ya mafunzo. Tungewapeleka watu wetu chuo cha biashara Nairobi, ama tulete mwalimu, ama tuendelee na mikebe yangu. Niliona anavyoniangalia, kama mtu anayeangalia kiatu kizuri cha zamani. Nikakubali mwalimu.

Akaja mtu anaitwa Felix, na projekta. Tukakodi ukumbi wa hoteli, tukakusanya wenye matawi wote. Felix alianza kwa kuuliza sisi tuko kwa biashara gani. Watu wakajibu maziwa. Akatikisa kichwa akitabasamu. Akasema hapana, tuko kwa biashara ya hisia. Mzee Rono wa Molo, ambaye alikuwa ameacha ng'ombe mgonjwa nyumbani, akamuuliza hiyo hisia inagandishwa usiku ama mchana. Tulicheka mpaka Felix naye akacheka, na kwa haki yake niseme alichukua vizuri. Tena niseme ya kweli: alitufundisha mambo ya friji na ya kujua gharama ya kila glasi, na hayo yalitusaidia. Mtu akiwa na kosa halimalizi mema yake yote. Lakini mikebe hakuitaja. Alisema mafunzo ya jikoni yanachukua muda mrefu, kwamba kila kitu cha kazi yetu kinaweza kuingia kwa CD moja na mtu akajifunzia kwake nyumbani. Na akasema tunahitaji tovuti, ambapo mtu popote ataona sehemu zilizo wazi na kuomba moja. Nyambura alikuwa anaandika mbio. Mimi nilikuwa naangalia ile CD. Ilikuwa safi sana. Hakuna mtu alikuwa ameiosha.

Tovuti ilikuwa tayari kabla ya mwaka kuisha. Nikajiona ndani, nimevaa koti, nimeshika glasi. Nilionyesha watu wengi.

Halafu ikaja ile Januari ya vita vya baada ya kura. Sitaieleza, mlikuwepo, na ambaye hakuwepo na asihitaji kujua. Barabara zilifungwa. Maziwa yalimwagwa kwa mitaro kwa sababu hakuna gari. Matawi mengine yalifungwa, mengine yalichomwa, na watu wengine niliowafundisha kuosha mkebe sijawaona mpaka leo. Jina Kimotho linajulikana linatoka upande gani. Huko kwingine halikuwa jina la kuning'iniza juu ya mlango.

Mama Jeruto anatoka upande mwingine. Vijana wa kwao walimwendea, watu anaowajua, amewapa maziwa wakiwa wadogo. Wakamwambia ateremshe kibao, asilete balaa. Haya nilielezwa na mkwe wake Kiprono, aliyekuwa amesimama kwa mlango wa nyuma. Mama hakupaza sauti. Aliwauliza, "Mnataka maziwa ama mnataka kelele? Maziwa iko. Kelele nendeni kwa mama zenu." Walisimama. Mmoja akasema maziwa. Wakanywa wote, wakaenda. Kibao kikabaki juu. Wiki zile ambazo mimi mwenyewe Nakuru nilikuwa nimefunga mlango wa chuma na kukaa ndani, jina langu lilikuwa nje Subukia, mchana kweupe, likilindwa na mjane mwenye mwiko.

Mambo yalipopoa tulikuwa karibu kuanguka. Nyambura akasema sasa tovuti ndiyo itatuinua, kwa sababu inafikia watu ambao hawakuguswa. Na ilileta. Ilileta Mwalimu Otieno wa Gilgil, aliyetuandikia imeli kutoka saiba, vile vibanda vya intaneti, mtu safi, akaja mwenyewe akaomba aoshe mikebe ingawa hakuna aliyemlazimisha. Kwa hivyo msiende kusema mzee anachukia intaneti. Intaneti ni kama barabara. Inapita daktari, inapita mwizi, na ng'ombe pia anapita.

Mwezi wa sita simu ililia. Alikuwa Mama Jeruto.

"Baba Nyambura, umenipatia jirani."

Nikamuuliza jirani gani.

"Sijui jina lake. Amevaa nguo zako."

Nikamwambia sielewi. Akasema nikuje nijionee, akakata. Yule mama hapotezi krediti.

Niliwasha pikapu. Nikafika Subukia nikasimama katikati ya barabara kama mtu aliyepigwa. Upande huu, kibao changu cha zamani, rangi imefifia kidogo kwa jua, KWA KIMOTHO. Upande ule, hatua chache, kibao kipya kinang'aa, na taa ndani yake, KWA KIMOTHO. Vinaangaliana kama majogoo.

Niliingia kwa kile kipya. Kulikuwa na televisheni kubwa, viti vya plastiki vyekundu, vijana wamejaa wakiangalia mpira. Nyuma ya kaunta kijana wa kofia akaniambia, "Niaje mzee, karibu. Soda gani?" Nikamuuliza mwenye hapa ni nani. Akaninyooshea kidole juu, kwa kibao. Kimotho. Nikamuuliza Kimotho ni nani.

"Ni kampuni, mzee. Ya Nakuru. Iko kwa intaneti."

Nilitoa kitambulisho nikamwekea kwa kaunta. Alikisoma, akaniangalia, akakisoma tena. Akatoka nyuma ya kaunta, akapangusa kiti kwa mkono wa shati yake, akanikalisha. Anaitwa Tito. Niliomba mala. Ilikuwa siki, na maji yamejitenga juu. CD ilikuwa imemwambia masaa ya Nakuru, naye akayafuata kwa uaminifu hapo bondeni kwenye joto. Wateja wake hawakujali. Walikuwa wanakunywa soda na kula chipsi na mpira ulikuwa mzuri. Hilo liliniuma zaidi ya mala yenyewe: kwamba alikuwa anaharibu kazi na duka linajaa.

Nikamwambia afunge. Hapo ndipo alipovua kofia.

"Mzee, brother yangu anaosha wazee wagonjwa huko Amerika, usiku kucha, ndio mimi nipate hii kitu. Alilipa kwa website yenu. Mkamjibu kwa email, mkasema Subukia iko wazi. Mimi si mwizi. Uliza ofisi yako."

Nilitaka sana kumkasirikia. Hakunipa mahali pa kushika.

Nikarudi Nakuru nikamkuta Nyambura kwa meza niliyomnunulia. Nikamuuliza Subukia ilikuwa wazi namna gani na mama yuko pale. Akafungua kompyuta akanionyesha. Aliweka alama kwa kila sehemu yenye mkataba. Zingine zote aliziacha wazi, kwa sababu Felix alimwambia hivyo. Subukia haikuwa na mkataba.

"Ulikula mbuzi pale," nikamwambia. "Ulikula ubavu mzima."

"Baba, nilikuwa mtoto. Nilijua ni sherehe."

Mtaniambia kosa ni langu, ningeandika karatasi. Nimeshaambiwa na watu walioenda shule zaidi yenu. Nawajibu hivi: majirani wote wa Subukia walijua mpaka uko wapi. Mbwa wa Subukia walijua. Mtu mmoja tu angefunga safari, akae kwa kiti, aombe maji ya kunywa, angejua kabla glasi haijaisha. Kitu kilichokosekana si karatasi. Kilichokosekana ni nauli.

Felix nilimpigia simu. Alisema ushindani ni afya, kwamba labda tuwaite wote wawili kwa semina. Nilimwambia mahali pa kuipeleka hiyo semina, na sitapaandika hapa kwa sababu hii inasomwa na akina mama.

Wakili wa Nairobi ndiye alinimaliza. Nilitaka kumrudishia yule brother wa Amerika kila kitu. Brother akakataa, alitaka duka la ndugu yake, na mkataba uko upande wake. Nikamuuliza wakili basi tufanye nini. Akageuza karatasi zake akasema, kwa sauti ya kunisaidia, kwamba njia rahisi ipo. Kisheria, anayetumia jina bila idhini ni yule mama. Anaweza kuandikiwa barua.

Niliinuka nikatoka bila kuaga. Mtu aliyesimama na jina langu wakati mimi nimejificha, ndiye mwizi wa jina langu. Nimekaa na hiyo sentensi tangu siku hiyo na bado haijaniingia.

Na si duka peke yake lililokuwa hatarini, hili mnielewe vizuri, maana huko Nairobi halikueleweka. Tito ni wa upande wangu. Mama Jeruto si wa upande wangu. Katika mwaka mwingine wowote watu wangeona vibao viwili wakacheka. Mwaka ule walisoma kitu kingine. Walisema Kimotho amengoja mambo yapoe, halafu amerudishia jina wenyewe. Kiprono alinipigia akaniambia wale vijana wa Januari walipita tena kwa mama. Hawakuja na fujo. Waliagiza maziwa, wakanywa, na wakitoka mmoja akamwambia kwa upole kabisa, "Mathe, si tulikuambia uteremshe?"

Kiprono alisema siku hiyo mama alikusanya glasi zao akaenda kuziosha. Kwa hivyo nilirudi Subukia. Nilimkuta nyuma, anaosha mkebe. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, juu ya wakili na kompyuta na huyo brother. Alinisikiliza bila kuacha kuosha. Halafu akaweka mkebe chini.

"Baba Nyambura, Januari mimi niliangalia jina lako. Juni, nani aliniangalia mimi?"

Nikasema atake chochote. Nilisema nitamlipa, nitamjengea, nitamletea friji. Akasema friji anayo. Alitaka kitu kimoja. Nije siku ya soko, watu wakiwa wengi, nisimame kwa mlango wake niseme mbele yao nani alikosea, na kwamba yeye hakufukuzwa na mtu, na kwamba haikuwa mambo ya upande. "Kwa sababu wewe unarudi Nakuru," akasema. "Mimi na huyo kijana tunabaki hapa, na wale wengine pia wanabaki."

Nyambura alinisihi nisiende. Wakili alikuwa amesema neno lolote nitakalolisema hadharani linaweza kutumiwa na yule wa Amerika. Nilimwambia wakili awe na siku njema. Nikamwambia Nyambura aingie kwa gari. Akaingia.

Siku ya soko nilisimama kwa mlango wa Mama Jeruto. Nimezoea kuongea, nimeongea mbele ya wakuu wa wilaya, nimewachekesha. Siku hiyo sikuwa na kichekesho. Niliwaambia mpaka nilioutaja siku ya mbuzi. Wazee waliokula walikuwepo, wakatikisa vichwa. Nikasema ofisi yangu iliuza mahali ambapo haikuwahi kufika. Nikasema Tito hakuiba kitu, alinunua kilichouzwa, na asiguswe. Nikasema huyu mama hakuna mtu amemfukuza, na kama kuna mtu katika matawi yangu yote ana haki ya hilo jina kuliko mimi, ni yeye. Wale vijana walikuwa wamesimama kwa kivuli cha duka la mbolea. Nikawaangalia wao niliposema si mambo ya upande, ni mambo ya mtu kuuza bila kwenda kuona. Mzee mmoja akauliza kama hiyo intaneti inaweza kuuza na shamba lake pia. Watu wakacheka, na kile kicheko kilitoa kitu fulani hewani, mnajua ninachosema.

Tito alikuwa ameegemea mlango wake ng'ambo. Nilipomaliza alivuka barabara mbele ya watu wote, akamsalimia Mama Jeruto kwa mikono miwili, akamuuliza kama anaweza kumwonyesha kwa nini mala yake inakuwa maji. Mama alimwangalia kutoka kofia mpaka viatu. Akamwambia aje kesho mapema, mikebe iko.

Nilidhani imeisha. Nilikuwa hata naanza kujisikia mkubwa tena. Ndipo Mama Jeruto akamwita Kiprono alete ngazi. Kiprono akapanda, akalegeza misumari mmoja mmoja, akateremsha kibao changu. Hakuna aliyemwambia mama ateremshe. Alikuwa amekataa walipomwambia. Sasa aliteremsha kwa wakati wake. Nyambura akaanza kulia, nikamwambia ashike upande mmoja, tukakipakia nyuma ya pikapu. Ukutani palibaki mstatili msafi, rangi ya zamani ambayo jua lilikuwa halijaifikia.

"Utaandika nini?" nikamuuliza.

"Jina langu," akasema. "Si wananijua?"

Mwezi wa Desemba nilimkabidhi Nyambura funguo, na mnajua hayo mengine. Nimemwacha na sharti moja tu, kwamba hakuna mahali patauzwa kwa kompyuta kabla ya mtu wa ofisi kwenda kuomba maji ya kunywa. Amekubali. Nyinyi wapya mtaenda, na mtachukia hizo safari, na barabara ya Subukia itawavunja migongo. Nendeni.

Lakini siku ile, kabla hatujaondoka, niliingia kwake ndani nikakaa kama mtu yeyote. Kulikuwa na laini ya wateja, soko limemwagika. Aliniletea glasi. Nilikunywa polepole nikitafuta kosa, kwa sababu ndivyo nilivyo, na sikupata. Nilipoinuka nikamwambia asante, nikageukia mlango. Akaniita, si kwa ukali, kama anavyoita mteja mwingine yeyote anayesahau, akanitajia bei ya glasi. Nikatoa noti. Akanipa chenji yangu mkononi, akamgeukia mtu aliyekuwa nyuma yangu.